Ukisimamishwa au Kukamatwa na Polisi Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Kenya. Yamejengwa juu ya Katiba ya 2010, hasa Kifungu cha 49, Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 na Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kesi yako ikishafika mahakamani, tafuta wakili. Hapa tunashughulika zaidi na saa zile za mwanzo, ambapo mambo mengi huharibika.

Askari akinisimamisha barabarani, tayari nimekamatwa?

Si lazima. Kuulizwa swali ni jambo moja, kukamatwa ni jingine. Kisheria umekamatwa pale afisa anapokugusa au kukuzuia usiondoke, au pale wewe mwenyewe unapokubali, kwa neno au kwa kitendo, kuwa chini yake. Ndiyo maana ile kauli ya "twende tu kituoni tukaongee kidogo" inahitaji kujibiwa kwa swali: "Afande, nimekamatwa au niko huru kwenda?" Akisema uko huru, aga uende. Akisema umekamatwa, uliza: "Kwa kosa gani?" Kisha tazama saa. Dakika hiyo ikumbuke, kwa sababu muda wa Katiba unahesabiwa kutoka hapo, si kutoka utakapoandikwa kituoni.

Usikimbie, usimsukume, usimkunje shati. Kumzuia au kumshambulia afisa aliye kazini ni kosa linalojitegemea, na watu wengi walioachiliwa kwenye shtaka la kwanza wamebaki na hilo la pili.

Nimeacha kitambulisho nyumbani. Je?

Taja jina lako kamili na namba ya kitambulisho kama unaikumbuka, na omba mtu akuletee au akutumie picha yake. Askari anaweza kukuuliza kitambulisho. Kukuzungusha kwenye gari usiku kucha mpaka utoe hela ni jambo ambalo hakuna sheria inayomruhusu. Usidanganye jina. Jina la uongo linageuza usumbufu wa nusu saa kuwa kesi.

Nitajuaje kwamba ni polisi kweli?

Aliyevaa sare anatakiwa na Jedwali la Sita la sheria ya polisi awe na jina au namba yake ya utumishi mahali panapoonekana. Asiyevaa sare muulize cheti chake cha uteuzi, ile kadi ya kazi yenye picha na namba. Soma jina na namba, kisha vitamke kwa sauti ili walio karibu wasikie.

Hofu ya watu waliojifunika nyuso na magari yasiyo na alama imeongezeka tangu maandamano ya Juni 2024, na hofu hiyo haikuzuka hewani. Ukishikwa namna hiyo, piga kelele utaje jina lako na namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani, tena na tena. Uliza: "Mnanipeleka kituo gani?" Ukiwa wewe ndiye unayeshuhudia, usiingilie kwa mikono. Andika namba ya gari, rangi, mahali na saa, kisha wapigie jamaa za aliyechukuliwa. Jina la kituo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: Juni 2025 mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi kituo cha Central jijini Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi usiku uleule. Jamaa wakijua kituo, wafuate huko mara moja, wala wasisubiri kupambazuke.

Anaweza kunikamata bila waranti?

Ndiyo, kwa makosa mengi. Akiona kosa likitendeka mbele yake, au akiwa na sababu za kuridhisha za kushuku kwamba umetenda kosa ambalo sheria inamruhusu kukamata bila waranti, basi anaruhusiwa. Kinachotakiwa ni sababu anayoweza kuitaja. "Unatembea vibaya" si sababu. "Umefanana na mtu tunayemtafuta" inaweza kuwa sababu, ikiwa kweli yupo anayetafutwa na maelezo yake yanalingana nawe.

Anaruhusiwa kunipekua mfukoni?

Ukishakamatwa, ndiyo. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu, kwa kuzingatia heshima yake. Hilo limo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, wala si fadhila ya afisa. Kama hakuna askari wa kike hapo, sema utapekuliwa kituoni.

Watu huogopa kuwekewa kitu, mara nyingi msokoto wa bangi. Njia ya kupunguza hatari hiyo: omba utoe vitu mwenyewe, kimoja kimoja, uviweke mahali penye mwanga, huku ukivitaja. "Hii pochi. Hii simu. Hizi ni shilingi mia nane." Omba pia uone viganja vya anayekupekua kabla hajatia mkono mfukoni. Ombi hilo litolewe kwa adabu. Ukilisema kwa kejeli umemtafutia sababu ya kukufundisha adabu.

Na simu yangu? Naweza kulazimishwa kuifungua?

Kuchukua simu kama kielelezo na kusoma yaliyomo ni mambo mawili. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano yako, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inawataka wapelelezi waombe waranti mahakamani kabla ya kupekua data iliyohifadhiwa. Jibu linalotosha ni hili: "Siipingi kazi yako, lakini sikubali simu yangu ifunguliwe bila agizo la mahakama." Alama ya kidole na uso ni rahisi kutumiwa dhidi yako kwa nguvu, kwa hiyo unapojua unaelekea mahali pa vurumai, zima hizo ubaki na namba ya siri ndefu. Na ikichukuliwa, hakikisha imeandikwa: aina, rangi, na namba ya IMEI, ile namba ya kipekee ya kila simu. Bonyeza *#06# leo uiandike mahali pengine, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na simu ya kuibonyeza.

Naweza kurekodi askari akiwa kazini?

Mahali pa umma, hakuna sheria ya jumla inayokukataza. Simama mbali kidogo, usizuie kazi, usimwekee simu usoni. Kambi, ndani ya kituo na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi ni habari nyingine. Huko weka simu mfukoni.

Wamegonga mlango usiku. Niwafungulie?

Uliza kupitia mlango uliofungwa: ni akina nani, wametoka kituo gani, wana waranti? Waranti ya upekuzi hutolewa na mahakama, na iangalie vitu vinne: jina la mahakama na mhuri, sahihi ya hakimu, anwani ya nyumba yako hasa, na kinachotafutwa. Kwa kawaida hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuchwa kwa jua, isipokuwa mahakama yenyewe imeruhusu saa nyingine.

Upekuzi bila waranti upo pia, na hapa watu hudanganyana sana mitandaoni. Kifungu cha 60 cha sheria ya polisi kinamruhusu afisa aingie bila waranti ikiwa kusubiri mahakama kungeharibu uchunguzi, ila lazima kwanza aandike sababu zake na anachotafuta, na abebe cheti chake cha uteuzi na kukuonyesha ukikiomba. Kwa hiyo usiseme "hamwezi kuingia bila waranti" kana kwamba ni mwisho wa mazungumzo. Sema: "Naomba kuona waranti au sababu mlizoandika." Wakiingia kwa nguvu, usipambane. Sema wazi kwamba hukukubali, kisha geuka kuwa shahidi.

Mwite jirani au mzee wa nyumba kumi ashuhudie. Omba wapekue chumba kimoja baada ya kingine, nawe ukiwepo. Maafisa watano wakitawanyika katika vyumba vitano, hakuna atakayejua kilichotoka wapi. Mwishoni vitu vilivyochukuliwa viandikwe kwenye orodha. Isome. Kama imeandikwa "simu 1" nao wamebeba mbili, usitie sahihi mpaka irekebishwe. Mistari iliyobaki tupu chini ya orodha ipige msitari wa kukata kabla ya kusaini.

Nikifika kituoni mambo huendaje?

Kwanza OB, kile kitabu cha matukio kaunta, ambacho vituo vingine sasa wanakiweka kwenye kompyuta. Jina lako, kosa, saa na afisa aliyekuleta vinatakiwa kuandikwa humo. Uliza namba yako ya OB na uikariri. Bila namba hiyo, wakili atakayekuja atazungushwa kaunta na kuambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Pili, mali. Utavuliwa mshipi, kamba za viatu, saa, simu na pesa. Pesa zihesabiwe mbele yako na kiasi kiandikwe kwa namba, si "pesa kidogo".

Tatu, simu ya nje. Katiba inakupa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni simu moja tu. Hiyo ni ya filamu. Kariri namba mbili kichwani. Ukipata sekunde ishirini, sema mambo manne kwa mpangilio huu: kituo, namba ya OB, kosa, saa uliyokamatwa. Malalamiko na kilio vitasubiri.

Nne, seli. Wanaume na wanawake hutengwa, watoto hutengwa na watu wazima. Sheria inataka chakula, maji, mwanga na matibabu. Kama unatumia dawa za kisukari, presha, kifafa au ARV, mwambie afisa wa zamu mara moja na uombe iandikwe kwenye OB. Ombi likishaandikwa si rahisi kulikana.

Nikinyamaza si nitaonekana nina hatia?

Kunyamaza ni haki yako chini ya Kifungu cha 49, na afisa anatakiwa akuambie hivyo mapema, kwa lugha unayoielewa. Toa jina, umri na makazi. Zaidi ya hapo: "Nitaandika taarifa nikiwa na wakili wangu." Kazi ngumu ni kuendelea kunyamaza baada ya kusema hivyo. Kosa tunaloliona sana si la kukiri mbele ya meza ya mpelelezi. Ni la kupiga soga koridoni, na yule askari mpole aliyekuletea chai.

Ungamo lenyewe lina masharti. Ili likubalike mahakamani, litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Ukiamua kuandika taarifa, isome yote. Paliposahihishwa weka sahihi pembeni. Karatasi tupu haisainiwi hata kwa ahadi kwamba "tutajaza baadaye, wewe nenda nyumbani".

Muulize pia mpelelezi: unaandika kama mshukiwa au kama shahidi? Wako walioitwa "kusaidia uchunguzi" wakaondoka na pingu.

Saa 24 zinahesabiwaje? Mbona ndugu yangu amekaa siku tatu?

Sheria inasema ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa. Lakini saa hizo zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo si ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata.

Aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi afikishwe kabla ya Jumatano saa nne asubuhi. Aliyekamatwa Alhamisi saa mbili usiku, saa zake zinaisha Ijumaa saa mbili usiku, mahakama imefungwa. Anasukumwa hadi Jumatatu. Na aliyekamatwa Ijumaa, hata iwe asubuhi na mapema, saa zake zinaangukia Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu tena. Hapo ndipo jina la "kamata kamata ya Ijumaa" lilipotoka. Ni halali kwa herufi, ingawa Katiba inasema pia "haraka iwezekanavyo", na wakili mwenye makali anaweza kuuliza kwa nini mtu wa Ijumaa saa mbili asubuhi hakupelekwa siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza mahakamani lazima moja kati ya haya litokee: usomewe mashtaka, uelezwe sababu ya kuendelea kuzuiliwa, au uachiliwe. Upande wa mashtaka mara nyingi huja na ombi la siku zaidi za uchunguzi. Ombi hilo linaweza kupingwa palepale, na swali la kumuuliza hakimu ni hili: ni kitu gani hasa kilichobaki kuchunguzwa ambacho hakiwezi kuchunguzwa mshukiwa akiwa nje? Kesi za ugaidi zina utaratibu mkali zaidi, ambapo mahakama inaweza kuruhusu kuzuiliwa hadi siku 90 kwa jumla.

Dhamana ya polisi ni nini, na inalipwa vipi?

Afisa msimamizi wa kituo, OCS, ana uwezo wa kukuachilia kabla ya kufika mahakamani, isipokuwa kwa makosa kama mauaji, uhaini, wizi wa kutumia nguvu na jaribio la wizi huo. Kwa hayo, dhamana huombwa mahakamani, ambako hata mshtakiwa wa mauaji anaweza kuipata kama hakuna sababu nzito za kumnyima.

Kuna njia mbili kuu. Bondi ni ahadi ya maandishi kwamba utarudi, pamoja na mdhamini au bila mdhamini. Ya pili ni dhamana ya pesa taslimu, ambayo unaweka kiasi fulani kinachorudishwa. Neno la kushika ni hilo: kinachorudishwa. Dhamana haina ada. Ukiweka shilingi 5,000, udai risiti rasmi ya serikali yenye namba, jina lako, kiasi na sababu. Risiti isiposema dhamana, au ukiambiwa "kitabu cha risiti kimeisha", pesa hizo zimekwenda. Omba basi bondi ya bure, au usubiri afisa mwenye kitabu. Risiti ile halisi uihifadhi kama hati ya shamba, kwa sababu utaombwa uionyeshe siku ya kurudishiwa pesa.

Mdhamini aje na kitambulisho. Naye aelezwe kabla ya kusaini: ukitoroka, yeye ndiye atakayeitwa.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kama kosa adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza kukuweka rumande kwa kosa hilo.

Nikikiri kosa dogo ili niende nyumbani, kuna ubaya?

Upo. Kukiri ni kutiwa hatiani. Hukumu hiyo inaweza kukuibukia miaka mitatu baadaye, siku unapoomba cheti cha mwenendo mwema kwa ajili ya kazi ya Doha. Kama hukutenda, kana. Kama hujaelewa shtaka, mwambie hakimu hujaelewa. Ni wajibu wa mahakama kukupatia mkalimani.

Nikiombwa "kitu kidogo"?

Sheria dhidi ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea, wote wawili. Swali la upole ambalo mara nyingi hulegeza mkono ni: "Afande, niandikie risiti, nilipe." Pesa ya M-Pesa uliyotuma kwa namba ya mtu binafsi huacha ushahidi, lakini ushahidi huo unakugusa hata wewe.

Aliyekamatwa ni mtoto.

Chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai, kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Aliye chini ya miaka 18 azuiliwe tu pale isipokuwepo njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, mbali na watu wazima. Mzazi nenda na cheti cha kuzaliwa. Mwili mkubwa umewaponza vijana wengi wa miaka 15.

Mimi ni mgeni, au mkimbizi.

Haki za Kifungu cha 49 ni za kila mtu aliyekamatwa, si za raia peke yao. Mtanzania au Mganda anaweza kudai ubalozi wake ujulishwe. Mkimbizi aonyeshe hati yake, na ubalozi wa nchi aliyoikimbia usiitwe bila ridhaa yake. Mkongomani wa Bukavu anayezungumza Kiswahili bado anaweza kuomba mkalimani kama Kiswahili cha hati ya mashtaka kinampita.

Maandamano yanahitaji kibali?

Yanahitaji taarifa. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka waandaaji wampe OCS wa eneo taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, kwa shughuli ya kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na mrudi nayo.

Nimepigwa na polisi. Nianzie wapi?

Hospitali. Eleza daktari majeraha yametokana na nini na hakikisha ameandika. Piga picha siku hiyohiyo na tena baada ya siku mbili, maana alama za damu iliyovilia huonekana zaidi baadaye. Kisha nenda uripoti, ukiweza katika kituo tofauti na kile cha waliokupiga, upate namba ya OB na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Fomu ni bure. Hujazwa na daktari, na ubaki na nakala kabla ya kuirudisha.

Malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ina ofisi Nairobi na pia miji kama Mombasa, Kisumu na Garissa, na huhitaji wakili. Andika tarehe, saa, mahali, majina au namba za maafisa, namba ya gari, namba ya OB, mashahidi. Nguo zenye damu zisifuliwe. Zikaushe kivulini na uzitie kwenye mfuko wa karatasi, kwani kwenye nailoni huoza. Polisi wana pia kitengo chao cha masuala ya ndani. Kwa msaada wa kisheria usio na malipo, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, shirika la Kituo cha Sheria, FIDA (chama cha mawakili wanawake) kwa wanawake, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, kwa walio Pwani.

Tumezunguka vituo vyote, hatumpati.

Katika kila kituo omba waangalie OB, kisha uandike jina la afisa aliyekujibu na saa. Saa 24 zikipita, wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumtaka Inspekta Jenerali amlete mtu huyo mbele ya jaji, akiwa hai au maiti. Haki hiyo, kwa Kifungu cha 25 cha Katiba, haiwezi kuwekewa mpaka hata wakati wa hali ya hatari. Ile orodha ya vituo, saa na majina ya maafisa ndiyo itakayoambatishwa kwenye kiapo cha jamaa, kwa hiyo iandikeni kwa kalamu, palepale kaunta.